Timu ya Mara ijengwe kwa mpango, siyo kwa pupa ya usajili



Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wapenzi wa kandanda wa Mkoa wa Mara tunalijadili vijiweni, minadani na hata kwenye ofisi za walimu. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini mkoa wetu umekosa timu katika Ligi Kuu, na ifanyike nini ili tuipate tena na ikae. Nasema "ikae" kwa makusudi, maana kupanda tulishapanda.

Wasomaji watakumbuka kwamba Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, pamoja na JKT Tanzania, African Lyon, KMC, Coastal Union na Alliance ya Mwanza. Msimu wa 2020/21 ilimaliza ikiwa ya 4, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, na katika Kombe la Shirikisho ilifika nusu fainali ambako ilifungwa na Yanga bao 1-0 mjini Tabora. Kwa nafasi ile ya 4 ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliitoa FC Dikhil ya Djibouti, na Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Baada ya hapo ikashindwa kusafiri kwenda kurudiana, ikatolewa mashindanoni bila kupiga mpira. Kufika katikati ya mwaka 2022 timu hiyo hiyo ilikuwa imeshuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza. Mwaka 2024 ilifika hatua ya mchujo wa kuwania kurudi, ikazuiwa na Tabora United. Msimu wa Ligi Kuu wa 2025/26 ulianza bila timu hata moja kutoka Mara.

Sisi wa Tarime na Serengeti hatukai Musoma, lakini timu ile tuliihesabu yetu. Watu waliondoka Mugumu na Sirari alfajiri kwenda kuiona Uwanja wa Karume na kurudi usiku. Kwa hiyo naandika kama mwenye mali, siyo kama mpita njia.

Kutoka nafasi ya 4 hadi kushuka daraja ni msimu mmoja tu! Wako wanaosema ni uchawi. Wengine wanasema ni hujuma za wakubwa wa Dar es Salaam. Mimi naomba kabla ya kumtafuta mchawi tuwatazame jirani zetu wa Geita. Geita Gold ilipanda mwaka 2021, na msimu wake wa kwanza, yaani 2021/22, ikamaliza ya 4. Mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Msimu uliofuata Mpole akaenda zake Lupopo ya Lubumbashi. Mwaka 2024 Geita Gold ikashuka. Hawa wanatoka kwenye mkoa wenye mgodi mkubwa wa dhahabu, na walikuwa na wafadhili ambao sisi tuliwaonea wivu. Basi ugonjwa huu hauko kwenye fedha peke yake.

Maoni yangu ni kwamba nafasi ya 4 ndiyo mahali pa hatari kuliko pote katika ligi yetu, kwa klabu ndogo ambayo haikujipanga. Timu ikimaliza ya 12 hakuna anayewatazama wachezaji wake. Ikimaliza ya 4, kila kiongozi wa klabu kubwa anakuwa na majina yao mfukoni. Kocha naye anatakiwa. Francis Baraza kutoka Kenya, ambaye wengi tunamkumbuka kwa kazi aliyoifanya Musoma, aliondoka mwaka 2021 akaenda Kagera Sugar. Winga kijana Denis Nkane alichukuliwa na Yanga katika dirisha dogo, mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2021, wakati Biashara ikipigania uhai. Simlaumu Nkane. Kijana akiitwa Yanga atakataa vipi? Wala siwalaumu Yanga, maana wao wanajenga nyumba yao. Ninachouliza ni kuhusu nyumba yetu: mtu akitoka, nani alikuwa ameandaliwa kuingia? Na je, ile fedha iliyopatikana ilikuwa imepangiwa kazi kabla haijafika?

Klabu zetu nyingi za mikoani husajili kama mtu anayenunua mahitaji ya sikukuu usiku wa mkesha. Dirisha linafunguliwa, viongozi wanakimbia huku na huko, madalali wanaleta majina, mikataba inatiwa saini ya mwaka mmoja mmoja. Mwisho wa msimu mikataba yote inaisha siku moja, na timu inabaki na jezi tupu na deni la hoteli. Hapo ndipo wanaanza upya na watu 20 ambao hawajawahi hata kula meza moja. Tena sheria za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 ya mkataba kuzungumza na kutia saini kwingine, na klabu yake isipate hata senti. Kwa mkataba wa mwaka mmoja maana yake ni kwamba nusu nzima ya msimu mchezaji wako anakuwa tayari mgeni. Sasa mtu wa namna hiyo utamuuzaje?

Katika jambo hili nimekuwa nikifuatilia jinsi Wamarekani wanavyoendesha ligi ya mchezo wao, ule wa mpira wenye umbo la yai ambao wanauita futiboli ingawa mguu hautumiki sana. Kule, tangu mwaka 1936, vijana wanaomaliza vyuo hawanunuliwi na mwenye fedha nyingi. Klabu huwachagua kwa zamu, na ile iliyokuwa ya mwisho msimu uliopita ndiyo inayoanza kuchagua. Bingwa anachagua mwishoni. Zamu hizo zenyewe ni mali: klabu inaweza kumpa mwenzake zamu yake ya mwaka huu au ya mwaka ujao kwa kubadilishana na mchezaji. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka ule wa 1936, Jay Berwanger, hakuwahi kucheza ligi hiyo hata siku moja, kwa sababu hawakuelewana naye malipo. Kumwandika mtu na kuwa naye ni mambo mawili mbalimbali, jambo ambalo sisi walimu tunalijua kila Januari tunapolinganisha daftari la uandikishaji na madawati.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa mwaka 1989. Klabu ya Dallas Cowboys ilikuwa hoi. Msimu ule ilicheza mechi 16 ikashinda 1. Ilikuwa na nyota mmoja tu wa kutegemewa, Herschel Walker. Oktoba mwaka huo wakamtoa kwa Minnesota Vikings, mashabiki wakapiga kelele. Lakini kwa mtu yule mmoja walipata wachezaji kadhaa pamoja na rundo la zamu za kuchagua vijana kwa miaka iliyofuata, na kwa zamu zile wakajenga kikosi kipya. Kati ya mwaka 1993 na 1996 klabu hiyo ilitwaa ubingwa mara 3. Kwa hiyo nyota aliuzwa akiwa bado ana thamani, na malipo yake yalikuwa vijana. Hayakuwa fedha ya kulipia madeni ya juzi.

Sisemi tuige utaratibu ule mzima. Haiwezekani, na sababu ni rahisi. Kwao timu ya mwisho haishuki daraja. Inabaki ikiponya majeraha yake huku ikipewa zamu ya kwanza. Kwetu ya mwisho inateremshwa, fungu lake la matangazo ya televisheni linapotea, na wachezaji wazuri wanachukuliwa siku hiyo hiyo. Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la soka walitia saini mkataba wa Sh. bilioni 225.6 kwa miaka 10 kwa ajili ya kuonyesha Ligi Kuu. Aliye nje ya ligi hiyo anautazama mgao huo kwa mbali. Ndiyo maana ninasema timu ndogo ya Tanzania inahitaji mpango kuliko hata timu ya Marekani, maana hapa hakuna sheria itakayoiokota ikianguka.

Wafugaji wa huku kwetu wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mwenye zizi akibanwa na shida haswagi mitamba yote mnadani. Anauza dume aliyenona, kwa wakati ambao bei iko juu, kabla kiangazi hakijamkondesha. Na fedha ikitosha anarudi na ndama wawili. Maksai wa kulimia hawauzi kabla hajafundisha wengine nira. Mzee mmoja nilipomweleza habari za Biashara na Geita alinijibu kwamba watu hao walikula mitamba. Sikuwa na la kuongeza.

Sasa nitaje ninavyoona mimi, na wataalamu wanisahihishe. Tuseme timu ya mkoa, iwe ni Biashara au nyingine itakayozaliwa, ina kikosi cha watu 25. Wakongwe wasizidi 5. Hawa ni watu waliocheza Ligi Kuu, wanaojua kuituliza timu ikiwa nyuma kwa bao moja ugenini. Wapewe mwaka mmoja au miwili, basi. Wa mkopo nao wasizidi 5. Simba, Yanga na Azam wana vijana hodari wanaokaa benchi mpaka njumu zinapata kutu, na klabu hizo hupenda wapate mechi. Mkopo ni mzuri kwa sababu ni wa bei nafuu, lakini una sumu yake: ukimfundisha mchezaji wa mtu msimu mzima, unamrudisha kwa mwenyewe akiwa amenona. Timu yenye watu 12 wa mkopo inalima shamba la jirani.

Waliobaki 15 wawe vijana chini ya miaka 23, mali ya klabu, na wawe na mikataba ya miaka 3 au zaidi. Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba hadi miaka 5, na kwa kijana aliye chini ya miaka 18 mwisho ni miaka 3. Tarehe za kumalizika zipishane: watano mwaka huu, watano mwakani, watano mwaka wa tatu. Jambo hili dogo la tarehe halihitaji mfadhili wala uwanja mpya. Linahitaji katibu mwenye daftari na kalamu. Kadhalika mikataba iseme wazi mshahara utakuwaje timu ikishuka, ili kushuka kusigeuke kuwa kesi.

Kisha kila mwaka wauzwe wachezaji wawili, siyo watano, na wauzwe wakiwa wamebakiza miaka miwili, siyo miezi sita. Na tujifunze kuuza. Klabu kubwa ikimtaka winga wetu, tusikimbilie kusema kiasi cha fedha tu kama vile tunauza gunia la mahindi. Tuwaambie: leteni fedha hizo, tupeni na beki wenu kijana wa kushoto ambaye hachezi, na siku mkimuuza winga huyu mbele ya safari sisi tupate asilimia kadhaa ya bei. Mambo haya yanaruhusiwa na yanafanyika duniani kote. Fikiri safari ya Mbwana Samatta: African Lyon, kisha Simba, kisha TP Mazembe mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Katika kila kituo kuna kalamu iliyoandika. Aliyeandika vizuri alifaidi vituo vilivyofuata, na aliyeandika haraka alipunga mkono tu.

Wapo watakaosema: Mwalimu, mpango wako utachukua miaka 4 na sisi tunataka kupanda mwakani. Ni kweli utachukua miaka 4. Lakini tangu timu ishuke mwaka 2022 muda kama huo umekwisha kupita hivi hivi. Mtibwa Sugar, mabingwa wa mwaka 1999 na 2000, nao walishuka mwaka 2024 pamoja na Geita Gold. Lakini wao wakarudi mwaka 2025. Klabu ile inajulikana nchini kwa kulea vijana wake yenyewe. Haikuanza kutafuta wachezaji siku iliyoshuka.

Sasa swali kubwa: vijana hao 15 watoke wapi? Hapa ndipo ninapotaka kusimama zaidi, maana ndipo ninapofanyia kazi.

Kule Marekani klabu zinaweza kuchagua kwa utulivu kwa sababu vyuo vinamjua kila kijana: urefu, uzito, umri, mechi alizocheza. Kwetu chuo hicho kipo, ila hatukitambui. Ni michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Kila mwaka watoto wanachujwa kutoka shule hadi kata, kutoka kata hadi wilaya, kisha mkoa na taifa. Mchujo wote huo unafanywa na walimu, bila gharama yoyote kwa klabu. Nimepeleka timu ya shule kwenye mashindano ya kata kwa miaka kadhaa, na ninasema bila kuogopa: katika kata moja ya Tarime huwezi kukosa vijana wawili au watatu ambao ukiwaona mguu wao unasahau kupuliza filimbi. Hali ya hewa ya miinuko yetu inawapa mapafu, na kukimbia na ng'ombe kunawapa miguu. Serengeti vilevile, kuanzia Natta hadi Mugumu. Timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 inaitwa Serengeti Boys, jina zuri, lakini ni lini mtafuta vipaji alionekana kwenye uwanja wa shule ya msingi ya wilaya yenye jina hilo? Mimi sijamwona.

Mtoto akimaliza shule ya msingi anatupotea. Mwingine anaendelea na sekondari na tunasikia habari zake. Mwingine anarudi machungani. Mwingine anavutwa na mawe ya Nyamongo, na akishashika fedha ya kwanza mkononi mpira unakuwa mchezo wa watoto. Wa Sirari wanavuka mpaka kwenda kucheza Isebania, upande wa Kenya, kwa nauli na chakula.

Na wapo wanaochukuliwa. Nilimfundisha kijana mmoja, winga wa mguu wa kushoto, mpole darasani na mkali uwanjani. Alipokuwa na miaka 16 alikuja mtu akasema anatoka klabu ya mji wa mbali. Alizungumza na baba yake chini ya mti, wakapeana mikono, kijana akaondoka. Hakukuwa na karatasi. Baada ya miezi kadhaa alirudi juu ya lori, goti limevimba, hakuna aliyemtibu, hakuna aliyempigia simu. Simtaji mtu wala klabu. Sasa anaendesha bodaboda, na goti likimruhusu Jumapili anachezesha watoto. Mtu yule aliyemchukua alipata mchezaji wa majaribio bure, na alipomharibu alipata pia kumtupa bure. Biashara ya namna hii zamani tungeiita ulanguzi.

Karatasi ingefanya nini? Ingefanya mengi. Kwanza ingemlinda mtoto. Pili ingeleta haki ya kijiji. Watu wengi hawajui kwamba katika kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu aliofikisha miaka 12 mpaka 23. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15 klabu iliyokuwa naye hupata asilimia 0.25, na kuanzia 16 hadi 23 ni asilimia 0.5 kwa msimu. Tufanye hesabu ya darasa la tano. Kijana amechezea klabu ya kijiji chake misimu 4, kuanzia miaka 12 hadi 15. Siku moja akauzwa nje kwa Sh. bilioni 1. Kijiji kinastahili asilimia 1, yaani Sh. milioni 10. Zaidi ya hayo kuna fidia ya malezi, ambayo klabu zilizomlea hudai anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, au akihamia nchi nyingine kabla ya kumaliza msimu wa miaka 23. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu huko Paris cha kukusanya na kugawa malipo hayo kwa kufuata kumbukumbu za usajili.

Lakini sikiliza sharti: kumbukumbu za usajili. Malipo hayaendi kwa mwalimu aliyemnunulia mtoto njumu, wala hayaendi kwa shule kwa kuwa ni shule. Yanakwenda kwa klabu iliyosajiliwa kwenye chama cha soka na iliyomsajili mtoto huyo kwa jina lake na tarehe yake. Klabu zetu za vijijini hazijasajiliwa, au zilisajiliwa zikafa, au zina muhuri lakini hazina daftari. Kwa hiyo mtoto wa Nyamwaga akifika Ulaya kesho, pasipoti yake ya soka itaonyesha kwamba alizaliwa akiwa na miaka 18 mjini Dar es Salaam.

Hata lile la Sirari lina kanuni yake. FIFA hairuhusu mtoto chini ya miaka 18 kuhama nchi kwa ajili ya mpira, lakini inawapa nafasi watoto wa mpakani: wakiwa wanaishi ndani ya kilometa 50 kutoka mpakani, na klabu ya upande wa pili nayo ikiwa ndani ya kilometa 50, wanaweza kusajiliwa huku wakiendelea kulala nyumbani, mradi vyama vya nchi zote mbili vikubali. Sirari na Isebania zinapakana kama chumba na sebule. Vijana wetu wanaweza kucheza kwa halali badala ya kucheza kwa kujificha.

Kuhusu umri, naomba tuseme ukweli. Mwaka 2005 vijana wetu waliondolewa kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilizochezwa Gambia kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kizazi kizima cha watoto kilikosa mashindano yale. Dawa ya aibu hiyo haiko Dar es Salaam. Iko katika shule ya msingi, kwenye daftari la uandikishaji, ambalo mwalimu anaandika tarehe ya kuzaliwa wakati mzazi hana sababu ya kudanganya, maana hakuna anayejua kama mtoto atakuwa golikipa au padri.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Klabu ya mkoa iwe na daftari la vijana 100 wa chini ya miaka 17 kutoka wilaya zote za Mara, lifanyiwe marekebisho kila baada ya mashindano ya shule. Mwalimu wa michezo wa kila kata ajaze jina, tarehe ya kuzaliwa, mguu anaotumia, namba anayocheza na simu ya mzazi. Klabu nayo iteue klabu moja ya kijiji katika kila tarafa, iisaidie kusajiliwa na kuwaandikisha watoto hao, na ikubaliane nayo kwa maandishi kwamba kijana akipanda timu ya mkoa klabu ya kijiji itapata fungu. Hiyo ndiyo itakuwa zamu yetu ya kuchagua, na hakuna Simba wala Yanga atakayetutangulia, kwa sababu sisi tutakuwa tumemjua mtoto miaka 5 kabla yao.

Fedha za kuanzia si nyingi. Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017 inautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mgodi wa North Mara uko Tarime. Sisemi fedha za zahanati zikanunue mipira, hasha. Ila madiwani wanapokaa kupanga, viwanja viwili vitatu vya vijana na mafunzo ya makatibu wa klabu havitavunja bajeti. Halmashauri ya Serengeti nayo ina wageni wa hifadhi wanaopita mlangoni pake kila siku. Hao pia wanaweza kuombwa kwa heshima.

Shirikisho la soka nchini nalo lina deni kwetu. Kanuni za FIFA zinazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa ndani wa kuzituza klabu zinazolea vijana. Tunaomba lituchapishie kwa Kiswahili rahisi, kwenye karatasi moja inayoweza kubandikwa ofisi ya kijiji: kijana akitoka klabu ya daraja la chini kwenda Ligi Kuu hapa hapa nchini, aliyemlea anapata nini, anadai wapi, na ndani ya siku ngapi. Kanuni iliyofungiwa kabatini Dar es Salaam haimsaidii katibu wa klabu ya Natta.

Na viongozi wa timu ya mkoa, wawe wa Musoma au watakaochaguliwa baadaye, wasingoje dirisha lifunguliwe. Daftari la uandikishaji la shule yetu lipo. Katibu akija siku yoyote ya kazi, saa nne wakati wa mapumziko, atakuta tumemtolea meza na kiti, na majina ya kuanzia tutampa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Tarime, Mara.